Kutoka Nyumba ya Priska Hadi Jumuiya Zetu: Historia Fupi ya Kanisa la Nyumbani

Na Katibu wa Kwaya



 Habari za kwaya yenyewe, waanzilishi wake, walimu wake na safari zake, mmezisoma katika kurasa zilizotangulia. Ukurasa huu nimepewa niandike juu ya mahali waimbaji wetu walipotoka kabla hawajavaa sare ya kwaya. Walitoka katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Huko ndiko walikojifunza kuanzisha wimbo wakiwa wamekaa kwenye stuli nyumbani kwa jirani, bila kinanda wala kipaza sauti, mtoto akilia na maharagwe yakichemka jikoni.

Wako wanaodhani kwamba jumuiya ni mpango wa juzi uliobuniwa ili kurahisisha ukusanyaji wa michango. Historia inasema vingine. Kukutana nyumbani ni desturi ya zamani kuliko kanisa lolote lenye mnara na kengele. Tena ni desturi ambayo imeokoa Kanisa zaidi ya mara moja, hata hapa kwetu Afrika Mashariki.

KANISA LISILO NA JENGO

Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 ya mwanzo, Wakristo walikutana hasa katika nyumba za watu. Matendo ya Mitume yanatuonyesha waumini wa Yerusalemu wakienda Hekaluni kusali, lakini mkate wakiumega nyumbani kwao. Petro alipotoka gerezani usiku, hakutafuta kanisa la kujificha. Alikwenda nyumbani kwa Maria, mama yake Yohane Marko, ambako watu wengi walikuwa wamekusanyika wakimwombea. Msichana aliyeitwa Roda alifurahi mno kuisikia sauti yake hata akakimbia kuwaambia wengine, akamwacha Petro nje bado anabisha hodi.

Huko Filipi, Kanisa lilianzia kwa mama mfanyabiashara, Lidia, aliyeuza vitambaa vya zambarau. Laodikia lilikutana nyumbani kwa Nimfa. Paulo alipomwandikia Filemoni kuhusu mtumwa Onesimo, salamu zake zilikwenda pia kwa kanisa lililokutana katika nyumba ya Filemoni. Maana yake ni kwamba suala la Onesimo lilisomwa mbele ya watu waliomjua, pengine waliokuwa wamehudumiwa naye chakula katika nyumba ile ile. Haikuwa rahisi kumpokea mtumwa kama ndugu huku majirani wote wakitazama.

Priska na mumewe Akila wanatufaa sana sisi watu wa mjini. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi Roma, wakahamia Korintho, na huko wakampokea Paulo kwa kuwa walikuwa wa kazi moja. Baadaye tunawakuta Efeso, na kanisa linakutana nyumbani kwao. Kisha Paulo anawasalimu Waroma, na wao wako Roma tena, na kanisa liko nyumbani kwao tena. Kila walipohama, Kanisa lilihamia nao. Sisi tunaopanga nyumba, ambao leo tuko ploti hii na mwakani tuko nyingine, tusiseme kwamba jumuiya ni ya wenye mashamba na mabomba yao.

Wala tusidhani kwamba mambo yalikuwa mazuri siku zote. Huko Korintho matajiri walifika mapema, wakala na kunywa hata wengine wakalewa, na maskini waliochelewa kutoka kazini walikuta sahani tupu. Paulo aliwakemea vikali. Huko Troa, kijana Eutiko alisinzia dirishani wakati Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Matatizo ya kikao kirefu, ya chakula na ya tabaka la watu yalikuwapo tangu mwanzo.

UKUTA ULIOBOMOLEWA

Kando ya Mto Frati, katika nchi ya Syria ya leo, ulikuwapo mji wa ngome ulioitwa Dura-Europos. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mji huo miaka ya 1930 walikuta nyumba ya kawaida yenye ua katikati, iliyokuwa imegeuzwa mahali pa ibada ya Kikristo katika karne ya tatu. Waumini walibomoa ukuta uliotenganisha vyumba viwili wapate ukumbi mmoja. Wataalamu wanakadiria kwamba ulitosha watu 65 hadi 75. Chumba kingine kidogo walikifanya cha ubatizo, wakachora ukutani Mchungaji Mwema, Petro akitembea juu ya maji, na wanawake wakienda kaburini.

Mji huo ulitekwa mwaka 256 hivi. Nyumba ile ilikuwa karibu na ukuta wa mji, na askari waliifukia kwa udongo ili kuimarisha ngome. Ndiyo sababu imehifadhika. Ukiangalia picha zake hutaona fahari yoyote. Utaona nyumba ya majirani ambao walikubali kupoteza ukuta wa chumba ili wote waenee.

Mwaka 313 Wakristo walipata uhuru wa kuabudu katika dola ya Kirumi, na baada ya hapo makanisa makubwa yakajengwa. Tunamshukuru Mungu kwa makanisa makubwa. Bila hayo hata kwaya ya sauti nne isingekuwa na mahali pa kusimama. Lakini Kanisa lilipopata ukumbi mpana, muumini aliweza kuja, akaa nyuma, akaondoka, na asijulikane jina. Kwenye nyumba ya Priska hilo halikuwezekana.

MKUU WA NGOMA ZA KABAKA

Mfano wa karibu zaidi unatoka ng'ambo ya ziwa, Uganda. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882, kwa sababu ya hali ya hatari, waliondoka wote. Waumini wapya wakabaki bila padre, bila Misa, na ubatizo wao bado mbichi. Mapadre waliporudi mwaka 1885 hawakukuta magofu. Walikuta idadi ya wanaojifunza dini imeongezeka.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa walei, na walifanyia nyumbani kwao. Kule Mityana, Matia Mulumba na wenzake, akiwamo mfinyanzi Noe Mawaggali, walikusanya watu na kuwafundisha. Jumba la Kabaka lilikuwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe. Na alikuwapo Andrea Kaggwa, ambaye sisi wanakwaya tungepaswa kumjua kuliko wote, kwa sababu kazi yake ilikuwa muziki: alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka. Nyumbani kwake palikuwa darasa la katekisimu. Tauni ilipoingia aliwazungukia wagonjwa, akawabatiza waliokuwa kufani na kuwazika waliokufa.

Kaggwa aliuawa tarehe 26 Mei 1886. Kilichomkasirisha Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, ni kwamba Kaggwa alikuwa akiwafundisha dini watoto wa Katikkiro mwenyewe. Mulumba na Mawaggali waliuawa siku chache tu baadaye. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Tunapoadhimisha sikukuu yao kila tarehe 3 Juni, tukumbuke kwamba kabla ya moto wa Namugongo kulikuwa na miaka ya vikao vya nyumbani, visivyo na sherehe, vya watu waliofundishana sala.

NAIROBI, 1973 NA 1976

Jumuiya kama tunazozijua leo zina historia ya karibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, uliita familia ya Kikristo kuwa kanisa la nyumbani, na uliruhusu liturujia iadhimishwe katika lugha za watu. Huko Kongo, maaskofu walikuwa wamechagua tangu mwaka 1961 njia ya jumuiya hai za Kikristo, na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alifika mbali hata akawakabidhi walei, walioitwa bakambi, uongozi wa parokia kuanzia mwaka 1975.

Huku kwetu uamuzi ulipitishwa Nairobi. Umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, AMECEA, ulifanya mkutano wake mwaka 1973 kupanga jinsi Kanisa litakavyokuwa katika miaka ya 1980. Maaskofu walitazama hali halisi: parokia zilikuwa kubwa mno, mapadre wachache, wamisionari wakipungua, na Mkristo wa kawaida alimwona padre mara chache kwa mwaka. Wakasema kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo, mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, ambako kila mtu anaweza kujisikia kuwa yu wa nyumbani. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi, wakaifanya kazi ya kujenga jumuiya hizo kuwa jambo la kwanza katika uchungaji. Mwaka 1979, wakiwa Zomba, Malawi, walipima hatua waliyofikia.

Nchini Tanzania, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mwenyewe kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa, akiamini kwamba kushirikiana maisha ndiyo njia ya kuuelewa Utatu Mtakatifu.

Neno lenyewe "jumuiya" lina historia yake pia. Katika miaka ile ile, Wakenya walilisikia redioni kila siku kwa habari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967 na kuvunjika 1977. Ile ya marais ilikuwa ikivunjika wakati hizi za mitaani zilipokuwa zinaota.

KIKAO CHENYEWE

Wageni wetu wa madhehebu mengine huenda wakauliza: jumuiya hufanya nini? Familia kadhaa za mtaa mmoja hukutana kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mara nyingi Injili ya Jumapili inayofuata husomwa. Njia inayotumika mahali pengi ni ile ya hatua saba iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyomgusa mtu, kunyamaza, kushirikishana, kuamua kazi ya kufanya, na kumalizia kwa sala. Mama mboga na mhasibu husoma aya ile ile, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Wakati wa Kwaresima, kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kutoka Tume ya Haki na Amani huleta mezani habari za ufisadi, ardhi, maji na uchaguzi, nasi tunalazimika kuzungumza mambo ambayo hayazungumzwi kanisani.

Hatua ya sita ndiyo huonyesha kama jumuiya iko hai. Nani mgonjwa? Nani hajaonekana? Mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo? Pakitokea matanga, watu wa jumuiya ndio hufika kwanza na sufuria na viti vya plastiki, kabla hata padre hajapata habari.

SOMO GUMU

Historia haitaki sifa tupu. Tarehe 10 Aprili 1994, Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma. Maaskofu wa bara letu walichagua kulieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Siku tatu tu kabla ya kufunguliwa, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakatoliki. Majirani waliua majirani. Watu waliosali pamoja waligeukana, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Barua ya Papa Yohane Paulo II iliyotokana na Sinodi hiyo, iliyotolewa mwaka 1995, ilisisitiza kwamba jumuiya ndogo zinapaswa kuonyesha upendo wa Kristo unaovuka mipaka ya kabila na ukoo.

Nasi Kenya tulipata onyo letu. Katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengi walifukuzwa na watu wa mtaa wao.

Kwa hiyo, kukutana tu hakutoshi. Jumuiya inayoanza kwa Kiswahili na kumalizia mazungumzo yake kwa lugha ya wengi, huku jirani mmoja au wawili wakibaki kutazama sakafu, imeshaanza kuvunjika hata kama rozari yake inasaliwa kila wiki. Kwaya inaweza kusaidia hapa. Tunaimba nyimbo za Kiluhya, Kikamba, Kikuyu, Kijaluo na nyinginezo, na kila mmoja wetu amejifunza kutamka maneno ya lugha isiyo yake hadi mwenye lugha aridhike. Zoezi hilo tulipeleke mtaani.

SAFU ILIYOBADILIKA

Kama katibu, ninalitunza daftari la kwaya. Katika kurasa zake za kwanza, mbele ya jina la kila mwimbaji kuna safu tatu: sauti, kazi, jumuiya. Soprano, mshonaji, jumuiya fulani. Besi, mlinzi, jumuiya fulani. Mtu alipokosa mazoezi mara mbili, ujumbe ulipitia mwenyekiti wa jumuiya yake. Ukiendelea kufunua kurasa, safu ya jumuiya inaanza kuwa na nafasi wazi, halafu inatoweka, na mahali pake inaingia namba ya simu.

Simu ni kitu kizuri. Lakini mwanakwaya akizima simu, nani atabisha hodi kwake?

Mwezi Machi 2020 tuliliona jibu la swali hilo. Makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa mwezi Julai, ibada iliruhusiwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja. Misa tuliifuata redioni na kwenye runinga. Hata vikao vya jumuiya havikuweza kufanyika kama kawaida. Hata hivyo, aliyekuwa na jumuiya alikuwa na majirani waliojua kwamba kibarua chake kimekwisha na unga umemwishia. Aliyekuwa na kwaya peke yake alikuwa na kikundi cha WhatsApp.

Malalamiko ya wanakwaya dhidi ya jumuiya nayajua, na mengine ni ya haki. Vijana wanasema kwamba kikao kimekuwa orodha ya michango: ya ujenzi, ya harambee, ya zawadi, ya matanga. Wanasema ni watu wale wale, kina mama watano na mzee mmoja. Wenye kazi za zamu wanasema saa haziwafai. Wako wanaokumbuka jumuiya yao pale tu wanapotaka barua ya ubatizo wa mtoto au ya ndoa. Haya yote yasemwe wazi kwa viongozi. Lakini yatarekebishwa na aliye ndani. Kina mama watano wanaolaumiwa ndio waliouweka moto hai, na wamezeeka wakiusubiri mkono mwingine.

TUNAKOELEKEA

Ninaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano mkuu wa kwaya utakaofuata Jubilei hii.

Kwanza, safu ya jumuiya irudishwe katika daftari, na namba ya simu ibaki pia. Pili, mazoezi yasipangwe saa ambazo jumuiya zetu hukutana; mwalimu wa kwaya na wenyeviti wakae pamoja wapatane. Tatu, kila wimbo mpya wa kuitikiwa na waumini ufundishwe kwanza katika jumuiya, kila mwanakwaya kwake, ili siku ya Jumapili kanisa zima liimbe na sisi tusibaki kuimbia watu. Nne, jumuiya ikiwa na msiba au mgonjwa, waimbaji wa jumuiya hiyo wafike kwanza bila kusubiri tangazo la kwaya nzima.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji jioni moja kwa wiki, na mlango wa mtu ulio wazi. Kwa wale ambao hawajui jumuiya yao ni ipi, orodha ya jumuiya zote, siku zake na wenyeviti wake imebandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa sakristia. Baada ya chakula cha mchana leo, wenyeviti watakuwa wamesimama hapo na madaftari yao. Nendeni mkaandikishe majina.

Mungu awabariki nyote, na Mtakatifu Andrea Kaggwa, mkuu wa ngoma na mwalimu wa dini nyumbani mwake, atuombee.